Shavu Ukutani

Duka la vifaa vya ujenzi lilifurika asubuhi hiyo kana kwamba mji mzima umeamua kujenga siku moja. Huyu anataka misumari, yule anagombania bomba, muuzaji anajibu watu watatu kwa mdomo mmoja. Katikati ya msongamano alisimama binti wa ovaroli ya buluu yenye madoa ya kila rangi, kitambaa cha njano kichwani, debe la rangi mkononi. Ghafla mfuko wa saruji uliokuwa begani mwa mtu nyuma yake ukapasuka pembeni, unga wa kijivu ukammiminikia shingoni.

"Mungu wangu! Dada, nisamehe."

"Msamaha wako utanifulia nguo?"

"Nikikufulia, utaniambia unaitwa nani?"

Watu wakacheka. Binti aligeuka amkaripie, akakuta kijana mrefu, shati limembana mabegani, nyusi zimejaa saruji kama mzee wa miaka mia. Hasira ikamponyoka, kikabaki kicheko.

"Na mzigo huo unaupeleka wapi, babu?"

"Kwenye ile nyumba ya zamani ya dobi. Misheni wanaigeuza kituo cha vijana cha kujifunzia."

Binti akatua debe. "Mimi ndiye fundi rangi wa hapo."

"Mimi ndiye wa lipu." Akapandisha nyusi, saruji ikadondoka. "Basi hatuna budi kuzoeana. Utakachopaka wewe, nimekikandika mimi."

Nyumba ile ilikuwa bado inanuka sabuni ya miaka mingi. Kulabu za kuanikia mashuka zilining'inia darini, na ukumbi mkubwa, uliokuwa wa mapipa ya kufulia, sasa ungekuwa chumba cha kusomea. Kwa binti ilikuwa kazi ya kwanza aliyopewa yeye mwenyewe, si kama msaidizi wa baba yake, fundi rangi mkongwe aliyekuwa amestaafu kwa maumivu ya mgongo. Kila alipoliona lango lile alisema kimoyomoyo: asante.

Kusema asante ndiyo ilikuwa desturi ya pale. Mchungaji, mama mnene mwenye kofia ya ujenzi juu ya kilemba, hakuruhusu mtu ashike chombo kabla ya kusimama duarani na kutaja jambo moja analolishukuru.

"Na msinishukurie chai tu kila siku," aliwaonya. "Mungu naye anapenda habari mpya."

Fundi lipu alikuwa na habari mpya kila asubuhi. Leo anashukuru kwa kitambaa cha njano. Kesho anashukuru kwa mfuko wa saruji uliopasuka. Mafundi wanakohoa, binti anatazama viatu vyake, mashavu yanamchoma.

Mashavu hayo yalikuwa na kazi yake. Kabla ya kupaka, binti aliegemeza shavu ukutani, akafumba macho. Ukuta mbichi ni baridi, hata ukionekana mkavu. "Amini shavu lako," baba yake alimfundisha, "usiamini mdomo wa mtu."

"Ukuta una bahati huo," kijana alimtania. "Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi, sijapimwa."

"Wewe unajulikana. Mbichi kabisa."

Mwezi haukuisha wakawa wanaitana mpenzi, na simu zikawa hazilali.

Ijumaa moja jioni kijana alipiga. "Laazizi, ule ukuta mkubwa umekauka. Jumatatu ni wako."

"Una hakika?"

"Kama ninavyokupenda."

"Basi umekauka kweli," alicheka.

Jumapili ya wiki iliyofuata wazazi wa vijana wangekuja kuona kituo kikifunguliwa. Binti akawaza: kwa nini nisubiri Jumatatu? Mpenzi wake alikuwa amekwenda kumwona mama yake. Akirudi, akute ukuta umeng'aa. Jumamosi alasiri akachanganya buluu ya asubuhi, akapaka kwa rola mpaka mkono ukafa ganzi. Shavu hakuweka. Alikuwa na neno la mpenzi wake.

Jumatatu ukuta mzima ulikuwa umetoka malengelenge. Rangi ilivimba, ikapasuka, ikaning'inia kama ngozi iliyoungua.

"Uliniambia umekauka!"

"Ulipaka lini?" Kijana alikuwa amefika tu, begi bado mgongoni. "Tulisema Jumatatu!"

"Ukuta uliokauka Ijumaa unalowa Jumamosi? Umenidanganya, na mimi mjinga nikakuamini."

"Fundi gani anapaka bila kupima?"

Neno hilo lilimchoma mpaka mfupani, kwa kuwa lilikuwa kweli. Alivua kitambaa cha njano, akafuta mikono, akaondoka. Siku nzima simu iliita, naye akaitazama ikiita.

"Hupokei?" baba yake aliuliza kutoka kitandani.

"Uliniambia nisiamini mdomo wa mtu."

"Nilikuwa nasema juu ya kuta, mwanangu. Ningeishi hivyo na watu, mama yako ningempata wapi?"

Kesho yake alirudi kwa ajili ya kazi, alijiambia, si kwa ajili ya mtu. Mafundi walikuwa wameshasimama duarani. Zamu ilipofika kwa fundi lipu, hakutania.

"Ijumaa, baada ya kupiga simu, niliona ufa," alisema, macho chini. "Mdogo. Nikasema mtu wangu hatapaka juu ya ufa. Nikaufungua, nikapiga lipu upya, nikaumwagilia ukuta mzima ushikane, nikaondoka bila kumwambia, nikijua atakuja Jumatatu, nami nitamweleza. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeziba, na ukuta nitajenga vilevile."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia.

"Jana nilimtupia lawama kwa sababu niliona aibu. Leo nashukuru kwamba yupo mtu aliyepaka ukuta wangu bila kuupima. Sijawahi kuaminiwa hivyo."

Mchungaji akapenga kamasi kwa kishindo. "Amina. Sasa kwangueni. Tutafungua Jumapili, na ukuta huo utabaki na lipu yake, wageni watuone tulivyo. Rangi itangoja."

Wakafungua hivyo. Vijana walijaa hata madirishani, na Mchungaji aliwaeleza wazazi kwamba ukuta ule wa kijivu unapumzika. Wiki zikapita, binti akipita kila asubuhi kuegemeza shavu: baridi, baridi, vuguvugu. Siku ulipokuwa mkavu kabisa alipaka, na kijana akamshikia ngazi. Buluu ikatulia kama maji ya mtungini.

Aliposhuka, kijana hakuondoka miguuni mwa ngazi.

"Sikuombi uniamini kwa mdomo," alisema. "Nipime. Nataka kukuoa."

Binti aliweka rola chini, akalaza shavu lake kwenye la kijana, akafumba macho. Lilikuwa limelowa, na si kwa jasho.

"Bado mbichi," alinong'ona.

"Basi nitasubiri."

"Hapana, mpenzi. Ukuta ndio husubiri." Hakuliondoa shavu. "Kesho duarani niache niseme mimi. Nina la kushukuru."