Ngozi ya Pistoni

Saa kumi na moja jioni, Januari, giza likiwa limeshatanda juu ya mji wa Dudley, Horace Tranter alijifungia bandani nyuma ya nyumba kufungua bunduki yake mpya. Mpya kwake tu. Ilikuwa bunduki ya upepo ya mwaka 1923, na asubuhi ile alikuwa ameinunua kwa mjane wa mtaa wa pili, Bi Gethin. Ukutani alikuwa nazo thelathini na moja. Mkewe, Noreen, alizoea kumtania: "Ningekuwa na kitako cha mbao ya mjozi kama bunduki zako, labda nami ungenipangusa."

Bi Gethin alimpa sharti moja tu, akinong'ona mlangoni.

"Itie mafuta. Ngozi yake usiibadilishe."

Sikio la kufa halisikii dawa. Horace aliibana springi, akachomoa pistoni. Ile ngozi ya kuzuia upepo usivuje, duara dogo kama sarafu, ilikuwa imepasuka. Ilikuwa laini mno kwa ngozi ya ng'ombe. Ilikuwa na vinyweleo... na katikati kovu la kubonyea, kama la chanjo.

Akaitupa kwenye jiko la makaa. Harufu iliyotoka ilikuwa ya nywele zinazoungua.

Akaweka ngozi mpya ya ng'ombe, iliyolowa mafuta vizuri, akaitundika bunduki. Kesho yake jioni akaikuta imekokiwa. Horace hakuwahi kuacha bunduki imekokiwa hata mara moja, maana springi huchoka. Akajilaumu kwa uzee, akailegeza.

Siku ya tatu akaikuta imekokiwa tena. Safari hii mdomo wake ulikuwa umegeukia jikoni.

Tap!

Kioo cha dirisha la jikoni kilitoboka. Horace alikimbia, akamkuta Noreen ameshika sikio, damu ikichuruzika vidoleni.

"Una wazimu, Horace? Nusura unitoe jicho!"

"Imefyatuka yenyewe, mpenzi. Naapa."

Alikwenda kwa Bi Gethin bila hata kuvaa koti. Yule mama hakuuliza kitu. Alikunja mkono wa sweta hadi begani. Makovu matano ya duara, yamepangwa kutoka begani hadi kwenye kiwiko.

"Ngozi ya ng'ombe haitaki," alinong'ona. "Inataka ya mtu wa nyumbani. Na kila baridi inakauka. Mume wangu alianzia kiwikoni, akamalizia kwenye chanjo."

"Nani aliitengeneza hivyo?"

"Sijui. Naye aliikuta hivyo hivyo."

"Sasa nifanyeje, Bi Gethin?"

"Nyundo unayo? Ivunje. Leo hii, kabla hujalala."

"Ya 1923? Ambayo haijabadilishwa hata skrubu moja?"

Bi Gethin alicheka mpaka akakohoa. "Nilijua utasema hivyo. Wengine wawili walikuja kuitazama kabla yako, nikawafukuza. Wale wanawapenda wake zao."

Neno lile lilimchoma. Alirudi bandani mbio, akaikuta bunduki imekokiwa tena, akailaza mezani, akainua nyundo. Taa ikamulika chuma chake cha buluu iliyokolea, bila chembe ya kutu, baada ya miaka yote ile.

Nyundo ikashuka taratibu, ikalala mezani.

Kipande kidogo tu, alijiambia. Akafungua droo, akatoa patasi ya duara anayokatia ngozi, akaitia mfukoni. Akapasha mafuta kwenye kikombe.

Noreen alikuwa kwenye kochi mbele ya televisheni, plasta sikioni, bado amenuna.

"Nisamehe, mama," alisema Horace. "Hebu nikukande hilo bega. Si ulisema linauma?"

Noreen alimtazama kwa mshangao, kisha akavua sweta kama msichana mwenye haya. Mafuta yalikuwa ya uvuguvugu.

"Miaka mingapi hujanishika hivi, Horace," alisema, akafumba macho, akatabasamu.

Kidole gumba cha Horace kilipapasa polepole, kikafika kwenye kovu la chanjo. Kikatulia hapo.

Kule bandani, bila mkono wa mtu, springi ilisikika ikilegea.