Fyuzi ya Karatasi ya Sigara

Kila siku ya likizo, Ndunge na mdogo wake, Koki, walifuatana na baba yao hadi karakana yake ya Shauri Moyo. Koki aliosha vipuri kwa mafuta ya taa. Ndunge, mwenye miaka kumi na mitatu, alifunga nyaya. Mzee Maingi alikuwa fundi wa umeme wa magari, na mikono myembamba ya binti yake ilipenya mahali ambapo yake ilikwama. Sifa hiyo ilimvimbisha Ndunge kichwa, na si kidogo.

Wiki hiyo walikuwa na kazi ya ajabu: gari la watalii lenye vitanda, mapazia na jiko la gesi, nyumba nzima juu ya magurudumu. Balbu zake za zamani zilikuwa zikimaliza betri kabla wageni hawajala chakula cha jioni. Mwenye gari alitaka zote zing'olewe, ziwekwe taa za mirija myembamba, zinazotumia umeme kidogo.

"Balbu haijali umeweka waya gani wapi," Mzee Maingi alionya. "Hizi mpya zinajali. Mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi."

"Najua, Baba."

Ijumaa asubuhi, baba alipokwenda Gikomba kununua skrubu, Ndunge alifunga taa ya mwisho, ile iliyo juu ya kitanda. Alifanya kwa mazoea ya balbu, bila kutazama rangi. Alipobonyeza swichi, ta! Taa zote zikazimika. Fyuzi ilikuwa imeungua.

Alizigeuza nyaya upesi upesi, akaurudisha ubao unaozifunika na kuukaza kwa nguvu zake zote. Fyuzi nyingine haikuwepo. Basi akaokota pakiti tupu ya sigara, akachana ile karatasi yake inayong'aa na kuizungushia fyuzi iliyoungua. Taa zikawaka.

"Si Baba alikataza hiyo?" Koki aliuliza.

"We nyamaza! Kwani haziwaki?"

Baba alirudi pamoja na Nabiswa, dereva wa gari hilo, aliyekuwa na haraka zake.

"Fundi, nipe gari. Napitia kwangu Buruburu kuchukua mkoba, kisha nawafuata wageni."

Mzee Maingi alibonyeza swichi, taa zikawaka zote. Akatabasamu. "Hiyo ni kazi ya Ndunge," alisema.

Ndunge alitaka kusema, lakini ulimi ulikuwa mzito. Gari likaondoka.

"Na wageni wakilala ndani, halafu gari lishike moto?" Koki alinong'ona.

Hapo machozi yakamtoka Ndunge. "Baba, fyuzi iliungua. Nimeweka karatasi ya sigara."

Mzee Maingi hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Ndunge zaidi. Alitupa bisibisi chini, akamwita Dedan, fundi jirani aliyekuwa akijaribu pikapu ya mteja. "Dedan, tupeleke Buruburu. Sasa hivi!"

Walilikuta gari mbele ya nyumba ya Nabiswa. Ndani yake walikuwemo Truphena, mke wa Nabiswa, na watoto wake wawili. Walikuwa wamefunga mapazia ili waone taa mpya zinavyong'aa. Harufu ya plastiki inayoungua, ambayo wao walidhani ni ya upya wa taa, ilisikika hadi nje.

"Mama, tokeni! Toa watoto!" Mzee Maingi alifoka.

Truphena aliwanyakua wanawe, mmoja kila kwapa, akaruka nje. Mzee Maingi aliingia na kung'oa waya wa betri. Ndunge alifungua ubao. Waya alioubana kwa haraka ulikuwa umechubuliwa na skrubu njiani. Ubao ulikuwa mweusi, hatua moja tu kutoka kwenye mtungi wa gesi.

Nabiswa alitoka nyumbani mbio, mkoba mkononi. "Fundi! Nani ameiharibu kazi hii?"

Mzee Maingi alifungua mdomo, lakini Ndunge akamtangulia. "Ni mimi, Bwana Nabiswa. Niliunguza fyuzi, nikaficha. Naomba mnisamehe."

Truphena alimtazama, watoto wamemng'ang'ania shingoni. Ndunge aliona haya kuliko kama angechapwa.

Walifanya kazi hadi saa nane mchana. Walibadilisha waya na ubao, wakatia fyuzi mpya, na Ndunge akamwonyesha Nabiswa kila mahali alipogusa. Gari lilipoondoka salama, baba yake aliketi kwenye ukingo wa barabara, akampa ishara aketi pia.

"Kugeuza nyaya si kitu," alisema. "Hata mimi nimegeuza mara nyingi. Fyuzi ilikuambia kuna kosa, wewe ukaiziba mdomo. Lakini hata hilo lingerekebishika. Kilichotaka kuwaua watoto wa Truphena ni ile dakika niliyokusifu, nawe ukanyamaza. Ukikosea tena, na utakosea, niambie kabla sijakusifu."

"Nitakuambia, Baba," Ndunge alisema, na safari hii hakusema kwamba anajua.