Runinga ya Anti Magdaline

Saa nane na nusu mchana basi la shule lilimshusha Maryann mbele ya jengo lao mtaani Al-Baghdadiyah, Jeddah. Alipanda ngazi hadi orofa ya tatu, akaingia, akafunga mlango kwa ufunguo kama alivyoagizwa. Kisha akaanza kusubiri. Mama yake, Rosebellah, alikuwa muuguzi, na zamu yake iliisha saa moja jioni. Baba yake, Duncan, alikuwa fundi wa umeme kule Riyadh, na alikuja nyumbani mara moja kila baada ya miezi miwili. Wanafunzi wenzake waliishi mitaa ya mbali. Kwa hiyo msichana huyu wa miaka kumi na miwili alishinda bila mtu wa kumwambia hata "nipishe".

"Usimfungulie mtu yeyote," mama alimwambia kila asubuhi. "Hata kama anajua jina lako."

Upweke, jamani, usikie tu kwa wengine! Maryann alikula wali wa jana, akaosha sahani, akafanya hesabu, akatazama saa. Saa tisa na dakika kumi! Siku nyingine alilia kidogo, akanawa uso, akarudi kutazama saa.

Furaha yake ilikuwa Ijumaa. Baba alikuwa amewanunulia kifaa kidogo, hakizidi kidole gumba, cha kuchomeka nyuma ya runinga. Ukibonyeza alama fulani kwenye laptopu, kila kilichomo kinaonekana kwenye runinga bila waya wowote, mradi vyote viwe kwenye Wi-Fi moja. Baba alipopiga simu ya video siku ya Ijumaa, uso wake ulijaa runinga nzima, masharubu na yote, na sebule ikawa na watu watatu.

Sasa, katika jengo lile wapangaji wote walitumia Wi-Fi moja. Aliyewaunganisha ni Anko Wesley, dereva Mkenya aliyeishi orofa ya chini kabisa. Ni yeye pia aliyemfungia Anti Magdaline kifaa kama kile. Magdaline, Mkenya mwenzao, alikuwa mpishi wa zahanati. Aliishi peke yake orofa ya pili, chini ya sebule ya kina Maryann.

Jumapili moja, ambayo huko ni siku ya shule, Maryann alirudi akitaka kutazama picha za nyumbani Kakamega kwenye runinga. Laptopu ikamwonyesha majina mawili ya runinga. Kwa haraka akagusa la pili. Runinga yao ikabaki nyeusi tii. Lakini kupitia dirisha la jikoni, lililotazama uwazi wa katikati ya jengo, akasikia sauti kutoka chini.

"Ala! Kuku hawa wametoka wapi tena?"

Maryann akatazama laptopu. Picha iliyokuwa wazi ilikuwa ya kuku wa nyanyake. Akaweka nyingine.

"Na ng'ombe naye!" ile sauti ikashangaa.

Maryann alicheka hadi akakaa sakafuni. Wiki nzima hakuwa amecheka.

Kama angeachia hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Hakuacha. Jumatatu alituma mbuzi. Jumanne aliandika kwa herufi kubwa: UMEPIKA NINI LEO? Magdaline akauliza kwa sauti, "Kwani wewe ni nani?" Maryann alijua kabisa kwamba anamsumbua mtu mzima nyumbani kwake. Lakini kuna mtu alikuwa akimjibu, na utamu wa kujibiwa ulimzidi nguvu.

Jumatano akaandika: NAKUONA.

Alidhani ni mchezo tu.  Kule chini kiti kikaanguka, mlango ukabamizwa, na miguu ikashuka ngazi mbio. Hebu fikiria, unaishi peke yako katika nchi ya watu, halafu runinga yako inakuambia kwamba inakuona! Magdaline hakurudi siku hiyo. Alilala kwa rafiki yake mtaani Al-Mahjar.

Alhamisi alasiri kelele zilizuka kwenye ngazi. Maryann akatega sikio mlangoni.

"Ni nani mwingine?" Magdaline alifoka. "Wewe ndiye uliyefunga kile kitu, na aliyeandika anajua Kiswahili!"

"Haki ya Mungu, Magdaline," Wesley alijitetea, "jana nilikuwa barabarani na bosi tangu asubuhi. Nikuone ili iweje?"

Haris, kama mlinzi wa jengo anavyoitwa kule, ndiye aliyesimamia Wi-Fi, na hakutaka maneno mengi. "Halas! Wesley, mafi intaneti!" Yaani basi, Wesley hana intaneti tena. Akamkata kwenye Wi-Fi papo hapo.

"Magdaline," Wesley akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "kesho Beverly wangu anatimiza miaka saba. Nimemwahidi tutakata keki pamoja kwenye simu. Nitamwonaje?"

Mkono wa Maryann ulikuwa juu ya ufunguo. Angeuzungusha tu, aseme. Hakuuzungusha. Jioni mama alipomuuliza kama alijua lolote kuhusu mkasa ule, alijibu, "Sijui, mama." Chai ikamshinda.

Ijumaa baba akatokea kwenye runinga. "Binti yangu, mbona umenuna?"

 Maryann alikuwa akitazama nje dirishani. Kule barabarani, juani, Wesley alikuwa ameinua simu, akigeuka huku na huku kutafuta mtandao. "Beverly! Wanisikia? Beverly!" Picha ilikuwa ikiganda. Mwishowe akaketi ukingoni mwa barabara, akajipangusa uso kwa shati.

"Baba, ni mimi!" Maryann akaangua kilio. Akaeleza yote, tangu kuku hadi lile neno la Jumatano.

Baba akasogelea simu yake. "Kwa nini hukusema jana?"

"Niliogopa. Na nikisema, hakuna mtu atakayenijibu tena mchana."

Rosebellah alifunika mdomo kwa mkono. Baba akasema taratibu, "Shukeni sasa hivi. Nitapiga tena baadaye."

Magdaline alisikiliza akiwa ameshikilia mlango. "Wewe? Mtoto wa Rosebellah? Nimelala kwa watu kwa sababu yako! Niliogopa hata kubadilisha nguo nyumbani kwangu!"

"Nisamehe, Anti," Maryann alisema.

Magdaline akavuta pumzi, akajifunga leso, akawatangulia hadi kwa haris. Alasiri hiyo hiyo Wesley akarudishiwa Wi-Fi. Alipoelezwa, hakugomba, na hilo lilimuumiza Maryann zaidi. Wesley akapiga simu. Safari hii picha ilikuwa safi. Msichana mdogo mwenye gauni la manjano akauliza, "Baba, mbona hukuja kwa keki?"

Wesley akampa Maryann simu. "Mimi simdanganyi mtoto wangu. Mweleze wewe."

"Beverly," Maryann akasema, "mimi ndiye niliyemkosesha baba yako. Nilifanya makosa, nikanyamaza, lawama ikamwangukia yeye."

Beverly akafikiri. "Sasa umeshasema?"

"Nimesema."

"Basi mrudishie simu. Nataka kumwonyesha kipande chake."

Walipokuwa wakipanda ngazi, Magdaline alimshika bega. "Sikiliza, Maryann. Upweke si kosa. Hata mimi upweke unanisumbua. Kosa ni kujificha, kisha ukamwacha mwingine abebe lawama yako. Ungesema ukweli jana, mtoto yule angekata keki na babake. Leo umesema, vizuri, lakini ile saa yao haitarudi. Ukikosea, sema upesi, kabla kosa lako halijafika kwa mtu mwingine."

"Nami nina langu," Rosebellah akasema. "Nilikuagiza kufunga mlango, nikasahau kukuuliza unashindaje. Magdaline, mchana unafika saa ngapi?"

"Saa nane."

Maryann aliinua macho. "Anti, nikitoka shule naweza kugonga kwako?"

"Gonga," Magdaline akasema. "Lakini useme ni nani."