Lebo ya Tausi

Palipotakiwa kuwa patupu palikuwa na neno moja: *Nipo.*

Mtengeneza tovuti alilitazama huku chai ikimpoea mkononi. Lebo ile aliibuni mwenyewe, neno fupi la kupachika kwenye ukurasa. Kila mteja akifungua ukurasa, mashine huikuta lebo, huita maelekezo yaliyoandikwa nyuma yake, kisha huweka jibu palepale. Hii aliipa jina la utani la marehemu mkewe, Tausi, na nyuma yake aliandika maelekezo matupu, yasiyotoa jibu lolote. Alitaka tu jina liitwe kutwa katika tovuti ya duka lake la vitambaa.

"Mama, umegusa kompyuta yangu?" alimuuliza mkwewe.

"Mimi, baba? Hata simu inanishinda. Niguse hiyo nife na shoti?"

Akatabasamu, akafungua ukurasa upya.

*Nipo. Binti yangu amekula?*

Harufu ya kafuri, ile ya kumpaka maiti, ikajaa sebuleni, mchana kweupe. Kwenye kona, chini ya kifuniko chake, cherehani ya Tausi ikakanyagwa taratibu, pasipo mtu.

Mama mkwe aliisikia. Akakaa chini.

"Hiyo lebo yako inafanya nini?"

"Inamwita."

"Na dua umeweka?"

"Sikuweka, mama. Nimemwita tu."

"Astaghfirullah." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwanangu yuko kwa Mola wake, haji. Lakini ukishinda unaita namna hiyo, anaitika mwingine. Futa, kabla hajamzoea mtoto."

Akaanza kusoma aya, na mtengeneza tovuti akafuta kila kitu kilichokuwa nyuma ya lebo, ila lebo yenyewe akaiacha makusudi kwenye ukurasa, kwa maana alijua kwamba lebo isiyo na kitu nyuma yake huifanya mashine igome na ukurasa usifunguke kabisa, na mgomo huo ndio ungekuwa shahidi wake kwamba aliyekuwa akijibu hana tena pa kujibia.

Akabonyeza. Ukurasa ukafunguka vizuri tu.

*Usijisumbue kuniita. Sasa naita mimi.*

Chumba cha pili, mtoto aliyekuwa akichezea vipande vya vitambaa akainua kichwa, kana kwamba anasikiliza.

"Abee, mama," akaitika. "Nakuja."