Machozi Kabatini

Saa saba mchana mkahawa wa chai mkabala na stesheni ya treni ya Croydon, Uingereza, ulikuwa umefurika. Thelma Ogden, mwalimu wa jiografia katika shule ya wasichana, alikuwa na meza ya watu wawili, na kiti cha pili alikuwa amekiwekea mwavuli. Kijana mrefu mwenye koti la mvua alisimama na trei yake.

"Samahani, bibie. Kuna mtu hapa?"

"Kuna mwavuli."

Kijana akauinamia mwavuli. "Bwana mkubwa, naomba ruhusa niketi."

Thelma akacheka hadi chai ikamwagika. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini sukari ilikuwa bado ya mgawo. Kijana akampa yake. Jina lake Desmond Fairlie, mtunzi wa vichekesho vya filamu.

Miezi minane ikapita hivyo, chai kila Jumamosi na simu kila Jumatano. Jumatano moja sauti ya Desmond ilikuja mbio kutoka kibanda cha simu.

"Mwalimu wangu! Filamu yangu imetoka. Tena ya shule!"

"Shule gani, mzushi wee?"

"Utaiona. Jumamosi vaa lile gauni la bluu, mpenzi. Nataka nikae na malkia."

Thelma akavaa gauni la bluu, akajipaka rangi ya mdomo aliyokuwa akiitunza tangu Krismasi. Ukumbi wa sinema ulijaa. Watu walicheka tangu mwanzo, naye akacheka nao. Kisha pale juu kwenye skrini akatokea mwalimu mwenye sweta ya kahawia iliyotiwa viraka kwenye viwiko vyote viwili, chaki nyweleni, amejifungia katika kabati la ramani analia. Mkaguzi wa shule akafungua mlango. Ramani zote zikamporomokea mwalimu kichwani, ya Afrika ikamvaa kama shela.

Ukumbi mzima ulilipuka kwa vicheko. Thelma aliinuka, akatoka.

Desmond alimkuta ukumbi wa mbele, karibu na muuza aiskrimu, uso umemwiva kwa hasira.

"Thelma, mpenzi, unaumwa?"

"Usiniite mpenzi! Sweta ile ya nani? Kabati lile la nani?"

"Nilitaka kukushangaza. Nilidhani utafurahi."

"Nifurahi? Siku ile nilipata barua kwamba mama amekufa, na mkaguzi yuko mlangoni! Nilikuambia wewe, Desmond. Wewe peke yako, katika dunia nzima!"

"Nilimwandika kwa huruma. Mwongozaji ndiye aliyeongeza ramani..."

"Na wewe ukaacha jina lako juu yake! Mwavuli uliuomba ruhusa. Mimi hukuniomba!"

Muuza aiskrimu akaacha kuuza, akasikiliza.

"Nimekosa," Desmond alisema.

"Hujajua ulichokosa. Filamu inarudiwa mpaka usiku, na tiketi tunazo. Rudi ndani, ukae nami, usikilize."

Wakarudi. Onyesho la pili likaanza. Desmond, aliyezoea kuhesabu vicheko vyake kwa vidole, sasa aliviogopa vilivyokuwa vikija. Kabati likatokea. Mwanamke nyuma yao akapiga kelele, "Mtazame alivyovimba pua, maskini ya Mungu!" Vicheko vikavuma. Thelma alikaa wima, hata kope haikucheza, na mkono wake ulikuwa baridi kama chuma.

Desmond akasimama ghafla. "Msicheke! Mama yake amefariki!"

"Kaa chini, bwana!"

"Mimi ndiye niliyeandika!"

"Basi umeandika vizuri sana, kaa chini!"

Tochi ya mhudumu ikawamulika. Desmond hakukaa. Machozi yalimtiririka mbele ya watu mia nne, na safari hii wakamcheka yeye. Thelma alimtazama. Alijua kwa nini watu hujificha makabatini.

Akamshika mkono, akamtoa nje, mpaka barabarani, mvuani.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Jumatatu wasichana darasa zima watakuwa wameiona. Nitaingia nikiwa nimevaa sweta ileile, na atakayecheka nitamweleza aliyekuwa akilia ni nani. Nitawaeleza mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Nije nisimame nawe?"

Mvua ilikuwa ikimharibia Thelma gauni la bluu.

"Njoo," alisema. "Lakini usiseme neno."