Pamba Bandani kwa Kuku

Kila akitoka shuleni, Kiherehere alianza na kuku. Aliwamwagia pumba, akawabadilishia maji, ndipo akavua sare. Jina hilo alibandikwa na mama yake, maana hakuna kazi iliyopita mbele yake asiidandie.

Ijumaa hiyo hata pumba hakumwaga. Shangazi yake, mtaalamu wa udongo, alikuwa barazani na kompyuta mapajani, uso ameukunja.

"Wifi, njoo uone maajabu!" alimwita mama. "Ramani ya udongo inasema pamba ipandwe bandani kwa kuku."

"Bandani? Na kuku wangu wakalale wapi, kitandani kwako?"

Walicheka, lakini kicheko cha mama kilikuwa kifupi. Mwaka uliopita alipanda pamba bondeni, maji yakatuama, mizizi ikaoza, akaambulia patupu. Safari hii alitaka kujua mapema ni wapi panafaa, na trekta la kulima lilikuwa linakuja kesho yake.

Kiherehere alichungulia. Kwenye picha ya shamba lao, bonde lilikuwa tupu na mlima mtupu. Vidoti vyote, vya kijani vya udongo unaofaa na vyekundu vya usiofaa, vilirundikana juu ya banda. Udongo huo aliuchimba juzi shambani kwa mikono yake mwenyewe, kama shangazi alivyomtuma. Umefikaje bandani?

"Mwanangu, ulifanya nilivyokuelekeza?" shangazi aliuliza. "Unachimba, unatia udongo kwenye mfuko, unabonyeza simu palepale ili iweke alama?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi simu hii mbovu. Pole, wifi, itabidi ubahatishe tena."

"Nitapanda kule juu mlimani," mama alisema kwa unyonge. "Nifanyeje?"

Maneno hayo yalimchoma Kiherehere. Alikumbuka mama alivyong'oa miche iliyooza kutwa nzima. Bado hakuelewa kosa lake ni lipi. Kwani si alibonyeza? Alibonyeza kila mfuko, ila si palepale.

"Shangazi, nimekudanganya," alisema, machozi yakimlengalenga. "Jua lilikuwa kali, kwenye kioo cha simu sikuona kitu. Nikachimba kote kwanza, kisha nikaja kubonyezea kivulini, bandani."

Shangazi alishika kichwa. "Lo! Simu haijui udongo umetoka wapi. Inajua yenyewe iko wapi! Haya, mfuko upi ulitoka wapi?"

"Sijui. Ilichanganyika."

Kulipopambazuka, wote watatu walikuwa shambani wakichimba upya. Jua lilipowaka, shangazi alivua mtandio akamfunika Kiherehere pamoja na simu. Mle ndani kioo kikaonekana vizuri kabisa, naye akabonyeza palepale penye shimo. Shangazi akapima kila mfuko kwa kifaa chake.

Trekta liliponguruma barabarani, ramani ilikuwa tayari. Bonde lilikuwa jekundu. Na kule juu nako kulikuwa kwekundu, kwa sababu udongo wake ulikuwa na tindikali nyingi. Kijani kilikuwa katikati, kwenye mteremko ambao mama hakuwahi kuufikiria.

Mama alimwelekeza dereva, kisha akamgeukia binti yake. "Kutoona kioo si kosa, mwanangu. Kuuliza si ujinga. Kosa lilikuwa kusema ndiyo wakati si ndiyo. Ungeendelea kunyamaza jana, leo ningelima kule juu, na njaa ingekuwa yetu sote."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Sasa kimbia ukawaombe radhi kuku. Hawajala tangu jana."