Vipimo vya Twiga

Walikutana kwenye ngazi za soko la vitambaa, watu wakisukumana. Msichana mrefu wa blauzi ya kijani alikuwa ameegemea ukuta, jasho linamtoka. Fundi cherehani akampokea mzigo bila kuulizwa.

"Twiga mzima unashindwa na ngazi?"

"Mifupa, kaka. Inauma kama ya kizee, na nina miaka ishirini na sita."

Hawajafika juu, wakawa wanacheka.

Mapenzi yakaota. Fundi alimpima siku moja, akaandika kwenye daftari lake. Mwaka ulipopita, dada yake Twiga akiolewa, akamshonea gauni kwa siri kwa vipimo vilevile. Harusini likaburuzika chini kwa vidole vinne. Twiga akalikanyaga, akaanguka kidogo tu, mkono ukavunjika.

"Hili ulimkatia nani?" akauliza, plasta bado mbichi.

"Wewe, mpenzi!"

"Mwenye gauni hili ni mrefu kuliko mimi. Mpelekee."

Simu hakupokea tena. Wiki mbili Fundi alishona bila raha, mpaka akachoka kujilaumu. Akalitandika gauni mezani, akalipima, akafungua daftari. Mkasi haukukosea. Akampigia mama yake Twiga.

"Shikamoo mama. Naomba umsimamishe mwanao ukutani, umpime urefu. Wa mwaka jana ninao hapa."

Mama hakumcheka. Baada ya muda akapiga. "Baba, mwanangu amepungua urefu."

Mama akamrudisha Twiga hospitali, akaeleza. Damu ikapimwa, mgongo ukapigwa picha. Daktari akasema kimoja cha vitezi vidogo vya shingoni kimezidisha kazi, kinanyonya chokaa ya mifupa. Pingili za mgongo zimebonyea. Kibaya kitatolewa, mifupa itapata nguvu, ila urefu uliopotea haurudi.

Baada ya upasuaji, simu ya Fundi ikalia.

"Fundi, nilikutuhumu bure."

"Nakuja."

Alikuja na futi shingoni. Twiga akasimama polepole, akapimwa. Wote walikuwa wamechoka.

"Unaandika nini?"

"Vipimo vya bibi harusi."

"Nani kakwambia nimekubali?"

"Mbona umesimama kupimwa?"

Twiga akacheka, akashika mbavu. "Usinichekeshe, naumia."

"Kola niipandishe, ifiche kovu?"

Akafikiri, akainua kidevu taratibu.

"Iache wazi. Na safari hii, kabla hujakata, nipime tena."